Koleo lako la kukunja limechoka: namna ya kulibadilisha bila kuingizwa mjini

Fundi wa sola, fundi pikipiki, askari wa hifadhi, nahodha wa boti: hawa hawaachi koleo la kukunja kwenye sanduku la zana. Linakaa kiunoni. Nazungumzia lile koleo ambalo ndani ya mipini yake kuna kisu, bisibisi, tupa, msumeno na kifungua kopo, lile ambalo wengi wetu tunaliita Leatherman hata kama limeandikwa jina lingine kabisa.

Zana hii haifi siku moja. Leo ncha hazikutani, mwezi ujao kisu kinacheza, baadaye bisibisi inaanza kuruka kwenye skrubu. Ukija kushtuka, umeshazoea kufanya kazi na zana mbovu na unalaumu skrubu. Ndipo watu wengi wanapokurupuka kwenda dukani, wanaonyeshwa koleo lenye vifaa vingi kuliko la mwanzo, wanalipa, na baada ya muda mfupi wako palepale. Mwongozo huu unaanzia kwenye koleo la zamani, kwa sababu uchakavu wake unakueleza cha kununua vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Hatua ya kwanza: hakikisha limekwisha kweli

Makoleo mengi yanayotangazwa kufa yamejaa uchafu tu. Mchanga, vumbi la saruji, nyuzi za mfukoni na grisi iliyoganda vinatosha kufanya kisu kikwame na kifungio kisiingie hadi mwisho. Kwa hiyo lisafishe kabla ya kulihukumu.

Fungua kila kifaa. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa hivi, kisha sugua viungo kwa mswaki wa zamani. Uchafu ulioko ndani ya mipini uutoe kwa kijiti, usitumie msumari. Kama kuna grisi nzito, pitisha mafuta ya taa, halafu osha tena kwa sabuni. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kung'uta, kausha kwa kitambaa na liache juani likiwa wazi. Likikauka kabisa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, fungua na kufunga kila kifaa, futa weusi unaotoka, rudia mpaka yatoke mafuta safi.

Usitumie mafuta ya kupikia. Yakikaa yanageuka ulimbo, na viungo vitakuwa vizito kuliko ulivyovikuta. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini nayo ina vumbi la chuma, iache. Na usilipitishe kwenye moto ili "kulegeza" kiungo: chuma cha kisu na cha meno kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na moto wa jiko au gesi unauondoa. Ukishaondoka, hata ukinoa vipi makali hayatakaa.

Sasa lipime. Funga taya zake polepole huku umelielekeza kwenye mwanga. Ncha zinatakiwa zikutane kwanza, kisha ukibana zaidi sehemu ya nyuma ifuate. Mwanga ukipenya nchani wakati nyuma kumeshafunga, hutaweza tena kushika waya mwembamba wala pini ndogo. Kisha kata waya laini wa shaba wa nyuzi nyingi, ule wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Nyuzi zikikatika zote kwa mkupuo, sehemu ya kukatia bado ina uhai. Zikibaki mbili tatu zimelala katikati ya makali, kuna pengo.

Kifungio cha kisu kipime kwa uangalifu. Fungua kisu mpaka kijifunge, ondoa vidole kwenye njia yake ya kurudi, halafu gandamiza mgongo wa kisu taratibu juu ya ubao. Usipigepige, gandamiza tu. Kikijikunja, umepata jibu, kwa sababu siku kitakapojikunja kazini kitakukuta vidole viko ndani. Mwisho, tafuta nyufa: kandokando ya tundu la kiungo kikuu, na kwenye shina la bisibisi pale inapoingia mpinini. Pitisha ukucha. Ukucha unahisi ufa kabla jicho halijauona.

Hukumu yangu ni hii. Ufa kwenye taya, au kifungio kisichoshika hata baada ya kusafishwa, zana imestaafu. Kisu butu, bisibisi iliyolika, kulegea kidogo, hayo yanatengenezeka. Kama kiungo kimefungwa kwa skrubu, kikaze robo mzunguko kwa wakati na ujaribu kila mara. Baadhi ya makoleo ya Leatherman yana skrubu zenye kichwa cha nyota ya pembe sita na kidoti katikati, na bisibisi yake ni lazima iwe na tundu nchani. Usilazimishe kwa bisibisi bapa, utaharibu kichwa cha skrubu na hutabaki na njia ya kuifungua tena. Kama kiungo kimepigwa ribiti, kukigongagonga kwa nyundo mara nyingi huishia kwenye koleo lisilofunguka kabisa.

Hatua ya pili: soma uchakavu

Hapa ndipo penye faida, na ndipo wengi wanaporuka.

Shika koleo likiwa wazi karibu na dirisha, utazame pale pa kukatia waya. Ukiona vishimo viwili vya nusu mwezi vinavyotazamana, mwenye koleo alikata chuma kigumu: kebo ya breki, spoku, waya wa springi. Vishimo vikiwa vimekaa karibu na ncha badala ya karibu na kiungo, alikuwa anakata mahali ambapo nguvu ni ndogo, kwa hiyo alibana kwa mikono miwili, na bila shaka mipini nayo imepinda kidogo. Ilaze juu ya kioo uone.

Kishimo chenye kingo zilizoyeyuka, zikiwa na rangi ya buluu au kahawia pembeni, ni habari nyingine. Hiyo ni alama ya umeme. Mtu alikata waya wenye moto, nyaya mbili zikagusana kupitia kwenye makali, cheche ikala chuma. Umeme wa majumbani kwetu ni takriban volti 230 hadi 240, na koleo la kukunja lina mipini ya chuma mitupu. Plastiki iliyopachikwa kwenye mipini ya baadhi yao ni ya kushikia vizuri, haizuii umeme. Ukiona alama hiyo kwenye koleo lako, usitafute koleo la kukunja lililo imara zaidi. Nunua plaizi ya umeme yenye alama ya 1000 V kwenye mipini yake, na hata ukiwa nayo uzime swichi kuu kwanza. Waya wa sola usidharauliwe kwa kuwa "ni jua tu": paneli zikiungwa mfululizo zinafika volti mia kadhaa, na haziwezi kuzimwa mchana kweupe.

Nenda kwenye bisibisi. Bapa iliyojikunja kama imesokotwa imetumika kama mtaimbo. Ya nyota iliyolika mabega imekuwa ikiruka kwenye skrubu zilizokaza. Kama kazi yako ni pikipiki, sababu huenda si nguvu zako: skrubu nyingi za nyota kwenye pikipiki za Kijapani ni za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani, na mara nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai hadi chini kwenye skrubu hizo, basi inapanda na kutafuna kichwa. Tena kwenye makoleo kadhaa ya kukunja hiyo nyota yenyewe imebanwa pande mbili ili iweze kukunjika, imebaki na mabawa mawili tu ya kushika. Mwenye shida hii anahitaji koleo linalobadilishwa vichwa vya bisibisi, au bisibisi fupi ya JIS itakayokaa chini ya siti.

Sasa angalia visivyotumika. Msumeno bado unang'aa? Mkasi una mafuta ya kiwandani? Kifungua chupa kimelika kuliko tupa? Usione aibu, andika. Chukua karatasi, upande mmoja vifaa vilivyolika, upande wa pili visivyoguswa. Hiyo karatasi ndiyo uende nayo dukani.

Hatua ya tatu: usitupe kabla ya kuuliza dhamana

Koleo la Leatherman halisi lina dhamana ya miaka 25. Victorinox wa Uswisi wanatoa dhamana ya maisha kwa makosa ya chuma na ya utengenezaji wa visu na zana zao za mkono. Dhamana zote mbili hazigusi matumizi mabaya, kwa hiyo kishimo cha umeme kitaeleza yote kabla hujafungua mdomo. Uchakavu wa kawaida nao Victorinox hawaulipii. Lakini kisu kilichovunjika katika kazi halali, springi iliyokatika au kifungio kilichochoka mapema, inafaa ujaribu. Usilifungue wala kulichomelea kabla ya kulipeleka, maana zana iliyorekebishwa mtaani hupoteza haki hiyo.

Piga hesabu ya gharama ya kulituma na muda utakaokaa bila zana. Kwa aliye Ulaya au Marekani mara nyingi hesabu inalipa. Kwa aliye Sumbawanga, njia ya kawaida ni kumpa ndugu anayesafiri, aliweke kwenye begi la kupakiwa na alipeleke huko aendako, na ukubali kwamba wanaweza kukurudishia jipya badala ya lile lako lenye jina ulilolichora mpinini. Pochi yake na rangi iliyochubuka havihesabiki.

Hatua ya nne: chagua kwa karatasi yako, usichague kwa idadi

Tim Leatherman alipata wazo lake mwaka 1975, akizunguka Ulaya na mke wake kwa gari kuukuu aina ya Fiat lililokuwa likiharibika kila mara. Alikuwa na kisu cha mfukoni, alichokosa ni plaizi. Ilimchukua miaka kadhaa hadi koleo la kwanza kuingia sokoni mwaka 1983. Naitaja habari hii kwa sababu moja: zana ilianza na plaizi, kisu na vingine vikaongezwa kuizunguka. Basi unapochagua, taya ndizo zianze. Koleo lenye vifaa 18 na taya mbovu ni mzigo.

Kama karatasi yako inaonyesha sehemu ya kukatia waya ndiyo iliyokufa, tafuta koleo ambalo makali yake ya kukatia yanafunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa. Wave+, Surge na Rebar za Leatherman ziko hivyo. Unabadilisha vipande viwili vidogo badala ya kununua koleo zima. Kwa fundi waya hiki ni kigezo cha kwanza, vingine vifuate.

Uzito usidharau. Surge inapita gramu 330, na ina taya nene za kazi nzito. Wave+ ni kama gramu 240. Skeletool, yenye vifaa vichache, ni kama 142. Tofauti ya gramu mia dukani huisikii. Utaisikia saa nane mchana uko juu ya paa la bati, mkanda unashusha suruali.

Angalia pia vinavyofunguliwa kwa nje. Kwenye Wave+ kisu unakitoa kwa kidole gumba bila kufungua plaizi. SwissTool Spirit ya Victorinox inatoa vifaa vyake vyote kwa nje. Rebar inakulazimu ufungue plaizi kwanza ndipo ukifikie kisu. Kwa anayekata kamba na mifuko kutwa, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayetumia plaizi zaidi, haina maana, na Rebar ni nyembamba mfukoni.

Wa pwani wana jambo lao. Chuma kisichoshika kutu hushika kutu, hasa Mombasa, Unguja, Mtwara na kwenye boti. Chumvi inachimba vitundu vidogo kwenye chuma chenye kromiamu ya kiasi cha asilimia 13, na hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye visu vingi vya aina hii. Huwezi kuikwepa kutu kabisa kwa kununua ghali tu. Unaikwepa kwa kulisuuza koleo kwa maji ya bomba kila likitoka baharini, kulikausha na kulipaka mafuta. Na usilihifadhi ndani ya pochi ya ngozi: ngozi inatunza unyevu. Pochi ya nailoni ni bora, hata kama haipendezi.

Hatua ya tano: dukani

Uwe mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, maneno ni yaleyale. "Mkubwa, hii ni orijino kabisa, ona." Anatoa sumaku, anaigusisha kwenye kisu, na kama imenasa au haijanasa anakupa tafsiri inayomfaa.

Achana na sumaku. Kisu kizuri cha chuma kisichoshika kutu kinanasa sumaku, kwa kuwa aina ya chuma inayokubali kukazwa kwa joto ndivyo ilivyo. Kile kisichonasa, kama cha sufuria na vijiko vingi, hakikaziki kwa joto hilo na makali yake hayakai. Kwa hiyo kisu kisichonasa sumaku kabisa ndicho kikutie shaka.

Omba ulishike mwenyewe, nje kwenye mwanga wa jua. Rudia vipimo vya hatua ya kwanza. Bana karatasi nyembamba kwa ncha tu na uivute: ikiteleza, ncha hazikutani. Kata ukingo wa karatasi hiyo kwa sehemu ya kukatia waya, kuanzia nchani hadi ndani, utaona mahali makali yanapoachana. Fungua kila kifaa, usikubali kuonyeshwa kisu tu. Kila kimoja kifunguke bila kuvuta na jirani yake, na kila chenye kifungio kilie "ta" na kukaa. Kishike kisu ubavuni ukitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana kunavumilika, mgongano unaosikika haufai.

Feki za Leatherman na Victorinox zipo tele. Tazama maandishi yaliyochongwa kwenye chuma: kwenye halisi yana kina kilekile na kingo safi, kwenye feki mara nyingi yamechapwa juujuu au herufi zimepishana. Tazama ndani ya mipini, mahali ambapo mwigaji hapotezi muda: kama kingo zinakwaruza kidole na kuna alama za mashine zilizoachwa, umejua. Bei nayo inasema. Wave+ huko Marekani kwenyewe hupita dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Mtu anayekuuzia "mpya" kwa robo ya hiyo ana hadithi, na hadithi hiyo usiinunue.

Lakini koleo la bei nafuu lisilojifanya jina la mtu si dhambi. Lina chapa yake lenyewe, bei yake ni ya kweli, na kama limefaulu vipimo hapo juu litakufanyia kazi nyepesi vizuri. Nalipenda kuliko feki, kwa sababu aliyeiba jina huenda hakujali hata chuma. Dai risiti, na uafikiane na muuzaji, kabla ya kulipa, kwamba likikwama ndani ya wiki analipokea.

Hatua ya sita: wiki za kwanza

Jipya likiwa gumu kufunguka, usilimwagie mafuta mengi. Tone moja kwa kiungo, lifungue na kulifunga jioni ukiwa umekaa, litalainika lenyewe. Baada ya wiki mbili kaza skrubu za viungo kama zipo, maana nyingi hulegea kidogo mwanzoni. Ikilegea tena na tena, tia gundi ya skrubu ya buluu. Nyekundu usiiguse, inahitaji joto kufunguka na joto tumeshalikataa.

Noa kisu kabla hakijawa butu, na usiguse meno ya taya kwa tupa.

Unaposafiri kwa ndege liweke kwenye begi la kupakiwa. Ukilisahau kwenye begi la mkononi, umelitoa sadaka uwanjani. Walio Uingereza wajue kwamba kisu cha kukunja kinachobebwa hadharani bila sababu ya msingi hakitakiwi kuzidi inchi 3 za makali wala kuwa na kifungio, na makoleo mengi tuliyoyataja yana kifungio. Ukiwa unakwenda kazini na mfuko wa zana, una sababu. Ukiwa kwenye harusi Jumamosi, liache nyumbani. Ujerumani nao wanabana visu vyenye kifungio vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja.

La zamani

Usimpe mtoto achezee, na usimuuzie mtu bila kumwambia kasoro. Kama kifungio cha kisu ndicho kilichokufa lakini taya ni nzima, toa kisu kabisa. Kama kiungo ni cha ribiti na kisu hakitoki, kikunje ndani na uzungushe waya wa kufungia kwenye mpini, kisifunguke. Linabaki plaizi ya akiba ya chini ya siti, ya kushikia nati na kuvuta pini. Lenye ufa kwenye taya lipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, baada ya kutoa skrubu zake na springi zilizo nzima. Skrubu hizo ni za shida kupatikana, na koleo jipya likiwa la aina ileile zitafaa siku moja.